Tumbo Likigoma, Anza na Mahali na Saa

Mtu anayesema "tumbo linauma" bado hajasema mengi. Kati ya mdomo na tundu la haja kubwa kuna njia ndefu: umio wa sentimita 25 hivi, mfuko wa tumbo, utumbo mwembamba unaokaribia mita 6, kisha utumbo mpana wa mita 1.5. Pembeni yake kuna ini, kongosho na mfuko wa nyongo. Chakula hakipiti ndani ya viungo hivi vitatu, ila bila juisi zake hakisagiki vizuri. Kila kipande kina kazi yake, na kila kimoja kina namna yake ya kulalamika.

Chakula hukaa kwenye mfuko wa tumbo saa 2 hadi 4, hupita utumbo mwembamba kwa saa nyingine 4 hadi 6, halafu hukaa kwenye utumbo mpana siku nzima au zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kumeza dawa yoyote jiulize maswali mawili: panauma wapi hasa, na shida ilianza muda gani baada ya kula? Majibu ya maswali hayo hupunguza kubahatisha kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanya ukiwa nyumbani.

Kwanza: dalili zisizotibiwa nyumbani

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma uende hospitali:

- Maumivu makali ya ghafla, tumbo limekakamaa na hata kuguswa kidogo hakuvumiliki.
- Kutapika damu, au matapishi yenye chembechembe nyeusi zinazofanana na unga wa kahawa.
- Choo cheusi tii kinachonata na kunuka kupita kawaida.
- Tumbo limevimba, hupati choo wala hutoi upepo, na unatapika.
- Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, huku hamu ya kula imekatika.
- Maumivu ya kubana kifuani au kwenye chembe ya moyo, pamoja na jasho jingi, pumzi kukata, au maumivu ya taya au mkono.
- Mwanamke anayeweza kuwa na mimba anayepata maumivu makali chini ya tumbo au kuzirai.
- Mtoto aliyemeza betri ndogo ya duara, au mtu yeyote aliyekunywa kemikali inayounguza. Usimtapishe: kitu kilichounguza umio kikishuka kitauunguza tena kikipanda.

Kwa maumivu ya chini kulia, usinywe kabisa dawa ya kuendesha. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka, na usaha ukimwagika ndani ya tumbo, upasuaji ambao ungekuwa mdogo unageuka kuwa mkubwa.

Moto kifuani baada ya kula

Hiki ni kiungulia. Mwisho wa umio kuna msuli wa duara unaofunguka chakula kikishuka, kisha hujifunga. Ukilegea, asidi ya tumbo hupanda. Mfuko wa tumbo una utando wa ute unaoukinga na asidi hiyo, lakini umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana unaungua.

Mara nyingi chanzo ni kula sana kisha kulala. Kinachofuata ni uzito mkubwa wa mwili, hasa kitambi kinachosukuma tumbo kutoka chini, pamoja na sigara, pombe na mlo wenye mafuta mengi. Ujauzito nao huleta kiungulia, kwa sababu homoni zake hulegeza msuli ule huku mtoto akilibana tumbo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za pumu hufanya vivyo hivyo. Mara chache zaidi, sehemu ya mfuko wa tumbo huwa imepanda juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Anza na mambo yasiyo na gharama. Kula kidogo kidogo, na mlo wa mwisho uwe saa 3 kabla ya kulala. Kama moto unakuamsha usiku, inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, maana hukunja mwili kiunoni na kuzidi kulibana tumbo. Wengi pia hupata nafuu wakilalia ubavu wa kushoto.

Ukishindwa, zipo dawa za kutuliza asidi iliyokwisha kutoka, na zipo zinazozuia isitengenezwe, kama omeprazoli. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipoteza dawa nzuri: wanameza omeprazoli moto ukishapanda. Dawa hii humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kwa sababu hufanya kazi vizuri chakula kinapoziamsha seli zinazotoa asidi. Ukiimeza baada ya kula umechelewa.

Ukimaliza wiki 2 hadi 4 za kuitumia sawasawa na moto ukarudi, usiendelee kununua paketi nyingine na nyingine. Nenda ukapimwe. Nenda mapema zaidi kama unapungua bila kukusudia au chakula kinakwama. Kama "kiungulia" kinakuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, hilo ni suala la moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Wenye kisukari na wanawake wawe makini zaidi hapa, maana shambulio la moyo kwao huweza kujionyesha kama tumbo tu.

Maumivu kwenye chembe ya moyo

Mahali pa kuweka kidole ni pale mbavu zinapokutana, juu ya kitovu. Sehemu hii ndiyo inayochanganya watu kuliko zote, kwa kuwa mfuko wa tumbo, mwanzo wa utumbo mwembamba, kongosho na mfuko wa nyongo vyote huweza kuumia hapo.

Chanzo cha kawaida ni tumbo kuchelewa kulegea na kusaga bila kidonda chochote: unashiba haraka, unabeua, pamejaa na pazito. Msongo wa mawazo huchangia kweli, wala si kisingizio. Mwaka 1822 kijana mmoja wa Amerika ya Kaskazini, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni akapona akiwa na tundu lisiloziba. Daktari wake, William Beaumont, alitumia tundu hilo kuangalia chakula kikisagwa, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1833 alieleza jinsi hasira ilivyovuruga kazi ya tumbo la kijana huyo. Kwa hiyo daktari akikuuliza kuhusu usingizi wako na mambo ya kazini, hajaacha kukusikiliza.

Cha pili ni vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi lawama ziliangukia pilipili na mawazo. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba bakteria anayeitwa Helicobacter pylori ndiye mhusika mkuu. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe na utando wa ndani wa tumbo lake ukavimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Maana yake kwako ni kwamba kidonda kinachotokana na bakteria huyu kinapona kabisa kwa antibiotiki zikiunganishwa na dawa ya kuzuia asidi, mara nyingi kwa siku 14. Mtu aliyeambiwa ataishi na vidonda maisha yake yote, na hajawahi kupimwa bakteria huyu, akapimwe.

Mhusika mwingine mkubwa ni dawa za maumivu: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini. Nataka hili lieleweke vizuri. Dawa hizi hupunguza kemikali inayoulinda ute wa tumbo, na hufanya hivyo zikiwa ndani ya damu. Ukizimeza pamoja na chakula, au hata ukichomwa sindano, bado zinaweza kukutoboa tumbo. Anayezinywa kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, na sasa chembe ya moyo inamuuma, asimeze nyingine juu ya maumivu hayo. Amwone daktari aliyemwandikia, na kama ni aspirini ya moyo, asiiache kabla ya kuzungumza naye.

Saa nazo hutoa fununu. Maumivu yanayokuja tumbo likiwa tupu au usiku wa manane, kisha kutulia ukila, huelekea kwenye kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Yanayoamka mara tu ukila huelekea kwenye mfuko wa tumbo wenyewe. Fununu si kipimo, lakini mwambie daktari.

Vipimo vya bakteria hutumia pumzi, choo au kamera ya kumeza. Wengi hupata jibu la uongo kwa sababu hawakuambiwa jambo hili: omeprazoli na jamii yake inatakiwa iachwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4.

Kama maumivu yako juu kulia chini ya mbavu, yanakuja baada ya mlo wenye mafuta, yanadumu nusu saa hadi saa kadhaa na kufika kwenye bega la kulia, fikiria mawe ya nyongo. Kipimo chake ni altrasaundi. Homa au macho ya njano yakiambatana nayo, ni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu makali yanayopenya mpaka mgongoni na kupungua kidogo ukiinama mbele ni ya kongosho. Hayo hayana dawa ya nyumbani.

Kuharisha

Kuharisha ni kupata choo chepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Kila siku lita 8 hadi 9 za maji huingia kwenye utumbo mwembamba. Kiasi cha lita 2 umekunywa, zilizobaki ni mate, asidi, nyongo na juisi nyingine za mwili wako mwenyewe. Karibu yote hufyonzwa tena, na kwenye choo cha kawaida hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Ufyonzaji ukivurugika, unamwaga maji ambayo hukuyanywa leo. Ndiyo maana kinachoua kwenye kuharisha ni kuishiwa maji na chumvi.

Chanzo kikubwa ni virusi, halafu bakteria na sumu zao kwenye chakula, halafu dawa (antibiotiki zinaongoza), halafu vimelea kama amiba na jiadia. Kwa kuharisha kunakorudi kila ukinywa maziwa, huenda mwili hautengenezi laktasi ya kutosha, yaani kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa.

Usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho. Sumu iliyokwishatengenezwa kwenye chakula hukutapisha ndani ya saa chache. Norovirusi huchukua saa 12 hadi 48. Salmonela huweza kuchukua saa 6 hadi siku 6. Mara nyingi mlo unaoshutumiwa hauna hatia.

Kazi ya kwanza ni kurudisha maji. Tumia pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini kama ilivyoandikwa. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sawazisha kijiko kwa kisu, usikadirie: chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Sukari haiwekwi kwa ajili ya ladha. Chumvi huingia kwenye ukuta wa utumbo ikiwa imeshikana na glukosi, na maji huifuata. Anayetapika apumzishwe dakika 10, kisha anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Mtoto aliyezidi miezi 6 hupewa zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya hapo hupewa miligramu 10.

Mkague mtoto hivi. Mlaze chali, shika ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, ivute juu kwa sekunde moja, kisha iachie. Ngozi yenye maji hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama kwa mkunjo, hata kwa muda mfupi tu, mtoto ameishiwa maji. Tazama na macho kama yameingia ndani, kama analia bila machozi, na mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini. Akiwa analegea au hawezi kunywa, beba mtoto muende, na mwendelee kumpa kijiko njiani kama anameza.

Antibiotiki haziui virusi, na kuharisha kwingi kwa maji hakuzihitaji. Loperamaidi, ile dawa ya kufunga, asipewe mtoto mdogo, wala asiitumie mtu mwenye homa au damu kwenye choo. Ukiwa na damu au homa kali, nenda kituo cha afya. Choo cha maji mengi meupe kinachotoka mfululizo huweza kuwa kipindupindu, na hapo saa chache tu ni nyingi. Kwa mtu mzima, kuharisha kukipita siku 14 kunahitaji vipimo, siyo dawa nyingine ya kujaribu.

Choo kigumu au kukosa choo

Si lazima uende kila siku. Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki yote ni kawaida, mradi choo ni laini na hakikutesi. Shida ni pale kinapopungua chini ya hapo, au kinapotoka kigumu kwa kukamua.

Utumbo mpana kazi yake ni kukausha. Choo kikikaa humo muda mrefu hukauka zaidi. Basi tafuta kinachokichelewesha: nyuzinyuzi chache na maji kidogo, kukaa bila kutembea, na kuibana haja. Hili la mwisho halitajwi vya kutosha. Mwanafunzi anayekwepa choo cha shule au mfanyakazi asiye na nafasi ya kutoka huibana haja mpaka puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, inazoea kujaa na kuacha kutoa ishara. Kisha angalia dawa: vidonge vya madini ya chuma, kodeini na jamii yake, na baadhi ya dawa za asidi. Nyuma kabisa kuna tezi ya shingo kufanya kazi pole pole, kisukari cha muda mrefu, na uvimbe kwenye utumbo.

Saa inasaidia hata hapa. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana husukuma, na msukumo huwa na nguvu zaidi asubuhi baada ya mlo wa kwanza. Nenda chooni dakika 15 hadi 30 baada ya kula, kila siku, hata kama huna uhakika. Kwenye choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda kidogo mpaka magoti yapite usawa wa nyonga, egemea mbele, usikamue. Mkao wa kuchuchumaa hulegeza msuli unaoipinda puru, na njia hunyooka.

Ongeza nyuzinyuzi polepole kwa wiki kadhaa mpaka gramu 25 hadi 30 kwa siku, pamoja na maji. Ukiziongeza zote kwa mara moja utapata gesi na kukata tamaa. Ikishindikana, anza na dawa zinazovuta maji kwenye utumbo kama laktulosi, na ipe siku 2 au 3. Sena na bisakodili zinakamua utumbo, ni za muda mfupi.

Angalizo kwa anayemlea mzee au mtoto: anayechafua nguo kwa choo cha maji huku hajapata choo kamili kwa siku nyingi, huenda haharishi. Choo kikavu kimeziba puru na maji yanapenya pembeni. Ukimpa dawa ya kufunga unamzibia kabisa. Mpeleke akapimwe.

Mabadiliko mapya ya choo yanayodumu wiki kadhaa kwa mtu aliyevuka miaka 45, hasa akipungua uzito au akiwa na upungufu wa damu, hayasubiri.

Gesi na kujaa

Kutoa upepo mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida. Gesi inayotoka kwa kubeua ni hewa uliyomeza: kula kwa haraka, kutafuna jojo, soda. Inayotoka chini hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wakichachusha kile ambacho utumbo mwembamba haukumaliza, mathalani sukari za maharage na za maziwa. Loweka maharage, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Acha maziwa kwa wiki 2 uone tofauti. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo lake limeanza kujaa karibu kila siku na anashiba haraka apimwe ovari, asihesabu kuwa ni gesi tu.

Chakula kukwama kikishuka

Hapa sina hatua za nyumbani isipokuwa moja: vidonge. Kapsuli iliyomezwa bila maji huganda kwenye ukuta wa umio, huyeyukia hapo na kuacha kidonda. Doksisiklini ina sifa mbaya kwa hili. Meza na glasi nzima ukiwa umesimama, na usilale nusu saa. Zaidi ya hapo, chakula kikavu kinachoanza kukwama, kisha laini, kisha hata maji, ni njia inayozidi kuwa nyembamba. Onana na daktari ndani ya wiki hiyo. Ukishindwa hata kumeza mate, ni dharura.

Macho ya njano, choo cheupe

Rangi ya kahawia ya choo hutoka kwenye nyongo. Choo kikiwa cheupe na mkojo umekolea, nyongo haifiki kwenye utumbo. Inaweza kuwa jiwe, ini lililovimba au uvimbe. Mtu mzima aende siku hiyo au kesho yake. Mtoto mchanga aliyepita wiki 2 akiwa bado wa njano na choo chake hakina rangi apelekwe mara moja, kwa sababu kama njia zake za nyongo zimeziba, upasuaji hufanikiwa zaidi ukifanywa mapema.

Damu kwenye choo

Rangi inaeleza ilikotoka. Nyekundu mbichi juu ya choo au kwenye karatasi hutoka karibu na mlango: mchaniko, ambao huuma sana, au bawasiri, ambayo mara nyingi haiumi. Nyekundu iliyochanganyika na choo na kamasi huelekeza kwenye maambukizi au uvimbe wa utumbo mpana. Nyeusi inayonata imesafiri kutoka juu na kusagwa njiani. Vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, lakini hakinati wala hakinuki vile.

Mchaniko na bawasiri ndogo hupungua kwa kulainisha choo kama ilivyoelezwa juu, na kukalia maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Damu ikirudi baada ya wiki 2, au ikija bila maumivu yoyote, daktari akupime kwa kidole na ikibidi kwa kamera. Watu wengi wameishi na saratani ya utumbo mpana wakiiita bawasiri, kwa sababu bawasiri nayo ilikuwepo. Kama uliambiwa ni bawasiri na hakuna aliyekukagua, rudi ukaombe ukaguliwe.